Hajambo, Anakusalimu

Jumapili, 11 Februari

Kwako mkwe wangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeamka vizuri na umetia kitu tumboni. Mimi huku sijambo kwa kiasi cha mtu wa umri wangu: goti la kushoto linanung'unika, la kulia linalisaidia kunung'unika. Shemeji yako na watoto wake wazima.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimeifungia kabatini. Mwanangu ndiye aliyekuwa akinipigia kila Jumapili, na sasa ikilia, hata awe ni mtu aliyekosea namba, mwili wangu unainuka kabla mimi sijaamua kuinuka. Basi tuandikiane. Miaka yote niliyoshona sare za shule nilikuwa naandika vipimo vya watoto wa watu; mkono haujasahau kalamu.

Sitazunguka. Nina ombi. Ile merikebu ya mfano, ya kizamani, aliyokuwa akiiunda mezani kwenu, ile ya milingoti mitatu, naiomba. Kila aliponipigia alinipa habari zake mpaka nachoka: leo ameweka mbao za ubavuni, leo amezing'oa. Nilikuwa namwambia, "Wewe mtu mzima, fundi wa lifti, unashinda kwenye mashimo ya maghorofa ya watu, jioni unarudi kuchezea mashua?" Anacheka. "Mama, si mashua. Merikebu." Nina meza ndogo sebuleni, nimeshaifuta. Kuna seremala hapa mtaani ataimalizia.

Kuna neno lingine, nalisema ili lisinikwame kooni. Watu wa huku wameniuliza kwa nini siku ya mazishi hukulia. Nimewajibu kila mtu ana namna yake. Lakini hata mimi nimejiuliza.

Nijibu upesi.

Mama mkwe wako


25 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata. Nashukuru kusikia mko wazima, na pole kwa goti. Mimi nipo. Kazini wakiniuliza naendeleaje nasema naendelea, na si uongo. Nakwenda na kurudi.

Bado niko kwenye kile kiwanda cha kufulia. Wamenihamishia upande wa kukunja mashuka ya hospitali na hoteli. Tunasimama wawili wawili, huyu ana pembe zake, yule ana zake, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Mwenzangu ni mama mmoja anayeongea bila kituo, nami naitikia. Kazi hiyo inanifaa. Haina swali.

Kuhusu merikebu. Ipo mezani alipoiacha, na ramani yake ipo ukutani alipoibandika; kila futi ya merikebu ya kweli ni robo inchi ya hii. Mama, haibebeki. Ubavu wa kulia una mbao zote, wa kushoto bado, mataruma yake, zile mbavu za ndani, yanaonekana kama samaki aliyeliwa upande mmoja. Milingoti haijasimamishwa, imo kwenye bomba la plastiki. Huwa naipangusa vumbi kwa brashi laini, kama alivyokuwa akifanya. Sijui naipangusia nini. Huyo seremala wako ni wa milango, atapigilia misumari.

Kuhusu kulia. Sikukataa kulia, Mama. Nilikisubiri kilio, hakikuja. Msimamizi wake alipokuja kiwandani kunipa habari alisema, "Alikuwa ameketi juu ya ndoo anakula chakula cha mchana, akainama, tukadhani anafunga kamba za viatu." Nikamjibu, "Viatu vyake vya kazi havina kamba." Hilo ndilo neno langu la kwanza kulisema nikiwa mjane. Tangu hapo niko kama mtu aliyelalia mkono mpaka ukafa ganzi: anauona, anajua ni wake, anaufinya, hausikii.

Merikebu, nipe muda.

Mkweo


10 Machi

Kwako mkwe wangu,

Salamu zako zimefika na mimi nakurudishia zangu. Hapa kwetu si haba.

Muda wa nini? Mwanangu hakuacha mtoto. Ameacha kitu hicho alichokiunda kwa mikono yake, na lifti za watu. Siwezi kwenda kuomba lifti. Jumamosi ijayo shemeji yako atakuja na pikapu ya rafiki yake na magodoro mawili ya kuilaza. Seremala nimeshamwonya kuhusu misumari. Mpe.

Usinione mbaya. Ningekuwa na cha kushika nisingekusumbua.

Mama mkwe wako


28 Machi

Shikamoo Mama,

Nategemea shemeji alifika salama na amekueleza. Kama hakukueleza vizuri, mambo yalikuwa hivi.

Alikuja na rafiki yake, wakatandika godoro moja garini na jingine kwenye korido. Nilikuwa nimeamua kutoa. Tukaiinua, yeye mbele mimi nyuma, tunatembea upande upande kama kaa. Kwenye mlango wa chumba akauliza, "Nipinde?" Nikasema, "Pinda." Akapinda kwake na mimi nikapinda kwangu. Ule mti unaotokeza mbele kama pembe, ambao ndio pekee marehemu alikuwa amekwisha kuuweka, ukagonga fremu ukakatika. Ulitoa sauti ndogo tu, kama njiti ya kiberiti.

Shemeji aliilaza merikebu kwenye godoro, naye akaketi sakafuni pembeni yake, akalia. Alilia sana, Mama, mtu mzima yule. Rafiki yake akatoka nje kujifanya anakagua tairi. Mimi nimesimama na kipande mkononi. Nikamwambia, "Usilie, shemeji, kitaungika." Akasema, "Irudishe mezani. Sitampelekea mama kitu kilichonivunjikia mimi." Tukairudisha. Akanywa chai, akaondoka.

Jumatatu iliyofuata nikitoka kazini nilikwenda kutafuta gundi, ya mwanao imekaukia kwenye chupa. Nyuma ya posta kuna duka la vifaa vya kazi ndogo ndogo: visu vya kuchongea, misasa, mbao nyembamba kama karatasi. Mwenye duka nyumbani tulikuwa tunamwita Bwana Gundi. Mwanao ndiye aliyempa jina hilo. Mimi sikuwahi kufika. Nikaweka kipande juu ya kaunta. Akakigeuza, akavua miwani, akakisogeza karibu na jicho.

"Mti huu nilimuuzia mimi," akasema. "Yule fundi wa lifti. Wewe ni mke wake? Anaendeleaje? Siku nyingi hajapita."

Mama, nilifungua mdomo nimwambie. Nikajisikia nasema, "Hajambo. Anakusalimu. Kazi tu zimembana."

"Mwambie asiuunge. Hata akiunga utakatika palepale. Achonge mwingine." Akanifungia kijiti kipya kwenye gazeti. "Aanze na mraba, kisha pembe nane, ndipo auzungushe. Asiruke hatua. Haraka yake naijua."

Nikasema nitamwambia.

Nimeuchonga mimi. Wa kwanza niliuharibu, nikarudi kununua mwingine, huo umekaa. Nakuandikia haya kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Mkweo


2 Aprili

Kwako mkwe wangu,

Niliifungua barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikaimaliza nimeketi. Uzima upo.

Hukufanya vizuri. Mtu aliyezikwa, mimi mwenyewe nikaona udongo unarudishwa, wewe unasema hajambo? Anakusalimu? Salamu hizo zimepita njia gani? Rudi ukamwambie mzee wa watu ukweli. Huo si mchezo.

Shemeji yako hakunieleza habari ya kulia. Alisema barabara ilikuwa mbaya. Sitamwambia kwamba najua.

Basi.

Mama mkwe wako

Nimeifungua bahasha tena. Alisema nini kingine? Hiyo "haraka yake naijua", ni haraka gani?


15 Aprili

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Kiwandani mashine moja ya kukaushia imeharibika, basi mashuka yanatufikia yana unyevu na mikono inanuka sabuni mpaka nyumbani.

Nilikwenda kumwambia ukweli kama ulivyoniagiza. Njia nzima nilikuwa najipanga. Nilipoingia alikuwa na mteja, akaniona juu ya bega la yule mtu, akaita, "Mke wa fundi! Ule mti umekubali?"

Nikasema, "Umekubali. Ila anauliza, mbao za ubavu wa kushoto zikifika karibu na omo, pale mbele, hazitaki kupinda, zinapasuka. Afanyeje?" Na kweli zilikuwa zinapasuka, Mama. Nilikuwa nimeshapasua nyingi.

Akacheka. "Ndiyo haraka yenyewe hiyo. Mwambie azilowanishe kwenye maji ya moto, asubiri zilainike. Kusubiri yule bwana hajui. Nilimwambia maneno haya haya zamani, akanijibu, 'Nyumbani tuna birika moja na mke wangu atataka chai.'"

Sikuwa najua hilo. Ni kweli ningetaka chai.

Mteja alipoondoka akanisimulia mengine. Kwamba mwanao alikuwa anakuja na vipimo ameviandika kwenye kiganja, na siku moja mvua ikamnyeshea njiani, akafika kiganja kitupu, akasimama katikati ya duka anajicheka. Kwamba aliwahi kupanda juu ya kiti akarekebisha taa ya dukani iliyokuwa inapepesa, hakuna aliyemwomba, akisema taa ya namna hiyo inamtia kichefuchefu. Kwamba merikebu za aina hii zilibeba ngano, zikizunguka dunia kwa upepo mtupu. Na kwamba yeye kazi yake ni kupandisha watu juu na kuwashusha palepale, basi jioni anataka kushika kitu kinachokwenda mbele.

Mama, nimelala kitanda kimoja na mtu huyo miaka yote ile, neno hilo hakuniambia mimi. Alimwambia muuza gundi. Nilitegemea litaniuma. Nikachukua mbao zangu, nikaaga, nikatoka.

Ukitaka niache, niambie niache.

Mkweo


29 Aprili

Kwako binti yangu,

Uzima ninao, goti lina mambo yake, wewe je, unakula? Kula hata kama hakina ladha. Chakula hakiombi ruhusa ya ulimi kufika tumboni.

Usiache. Haya, nimesema. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Taa inayopepesa! Tangu akiwa mdogo hivi. Tulikuwa na taa moja chumba cha cherehani, ikianza kupepesa anatoka nje kutapika, na mimi namfokea nikidhani anakwepa kuokota nyuzi.

Kwanza, nina swali. Muulize kama aliwahi kunitaja. Usiulize hivyo, tafuta njia.

Pili, matanga. Anayashona nani? Wewe unajua kushikiza kifungo basi, nimekuona. Pima kwenye hiyo ramani, nikatie karatasi za ukubwa huohuo unitumie. Na kitambaa kiwe chepesi, kilichochoka kufuliwa, kipya kinakakamaa. Tumekaa matanga, sasa tushone matanga. Hayo angeyasema yeye. Alikuwa na mizaha ya namna hiyo nami nilikuwa namwambia anyamaze.

Tatu, nakuja. Mwezi wa sita, shemeji yako akipata gari. Nataka kusimama ndani ya duka hilo.

Mama yako


12 Mei

Shikamoo Mama,

Nipo salama na nakula. Karatasi za matanga ziko kwenye bahasha hii, kila moja nimeiandika jina lake kama lilivyo kwenye ramani. Kitambaa ni shuka la hospitali lililotoboka, msimamizi aliniruhusu nilichukue. Limefuliwa mara zisizo na hesabu. Usishtuke na muhuri wa wodi kwenye pindo, kata hapo utupe.

Swali lako. Nilimwomba Bwana Gundi uzi wa kamba za milingoti, nikachagua mwembamba kuliko wote. Akasema, "Huo utafumuka. Ila yeye huo ndio anaoupenda. Aliniambia mama yake alimfundisha kuupitisha kwenye nta ya mshumaa." Kutajwa ndiko huko, Mama. Nimeona hakutoshi lakini ndicho nilichopata.

Ubavu wa kushoto umefika mwisho. Nikiutazama najua ni kazi nzuri. Ni kama kujua kwamba leo ni Jumamosi.

Ila ameanza kuniuliza kwa nini fundi haji mwenyewe. Nimesema ana zamu mbili. Uongo huu unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Ukija tumwambie, tukiwa wawili. Peke yangu nimeshindwa.

Karibu sana.

Mkweo


24 Juni

Kwako binti yangu,

Nimefika salama, gari halikutusumbua, nimelala siku nzima kama mtoto. Asante kwa kunipisha kitandani kwako na wewe ukalala kwenye kochi. Najua mgongo wako ulikuwa unanitukana.

Nataka kuandika jinsi ilivyokuwa, ingawa ulikuwepo, ili nisije nikasahau.

Tulikubaliana njiani kwamba tutamwambia. Ulilirudia na kwenye ngazi za posta. Tukaingia. Akauliza, "Na mama huyu?" Ukasema, "Ni mama yake." Yule bwana akatoka nyuma ya kaunta na kiti, akakifuta kwa mkono wa shati lake, akaniketisha. Akasema, "Mama, umezaa mtu mwenye mkono."

Binti yangu, huku kwetu kila mtu ananiambia "alikuwa". Alikuwa mpole, alikuwa mkarimu. Huyu alisema "ana". Ana mkono. Ana ubishi. Ana msumeno wangu mdogo, mwambie akae nao tu. Niliketi pale nikasahau kama nina magoti.

Halafu akauliza, "Mbona mwenyewe simwoni?" Nikaona mdomo wako unafunguka. Nikakuwahi. Nikasema, "Kavunjika mguu." Sijui mguu huo niliutoa wapi. Akashtuka, akauliza, "Upi?" Mimi nikasema wa kushoto na wewe sekunde ileile ukasema wa kulia. Akashika kichwa. "Yote miwili!"

Tukaaga. Hatukuangaliana. Tulipopita kona ya posta nikasikia kitu kama mtu anayekwamwa na mfupa, kumbe ni wewe unacheka, na mimi nikacheka, watu wanatupisha njia wakidhani tuna kichaa. Ni mara yangu ya kwanza tangu tumzike. Kisha ikawa siwezi kuacha, na kile kicheko kikageuka, ukanishika mkono mpaka kikatulia. Wewe ulikuwa umeshanyamaza zamani, unatazama magari.

Najua ulitaka tumwambie. Nakuomba tusimwambie. Dunia nzima inajua. Akiwepo mtu mmoja tu asiyejua, anamdhuru nani?

Tanga la kwanza nimelimaliza. Pindo lake ni jembamba, itabidi uvae miwani kuliona.

Mama yako


15 Julai

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi na kuna mtu nyumbani. Mimi mzima.

Nimemwambia.

Nilikwenda kununua uzi. Aliponiona akasema, "Ngoja," akaingia stoo, akatoka na magongo mawili ya kutembelea. Yalikuwa yake, ya zamani alipoanguka ngazi. Alikuwa ameyapiga msasa yote, akayapaka vanishi mpya, na pale pa kuwekea kwapa akazungushia kitambaa laini, amekishona mwenyewe vibaya vibaya. "Mwambie asiyaonee haya," akasema. "Akiweza kusimama, aje nimwone."

Nikayapokea. Nilifika nayo mpaka mlangoni, vanishi bado inanata kidogo kwenye vidole. Nikarudi nikayalaza juu ya kaunta.

"Mume wangu amefariki," nikasema. "Alifariki kabla sijafika hapa mara ya kwanza. Na miguu yake ilikuwa mizima."

Alikwenda akageuza kibao cha mlango, duka limefungwa, akarudi akaketi kwenye kile kiti alichokupa wewe. Kisha akasema, "Nilikuwa nashangaa. Yule mtu hakuwahi kuniuliza swali hata siku moja. Ushauri wote nilimpa bila kuombwa. Halafu ghafla, maswali kila wiki." Akanitazama. "Yalikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Mti wa mbele?"

"Mimi."

"Ubavu wa kushoto?"

"Mimi."

"Umenifanya niwe namsalimia maiti," akasema, polepole tu, hakupaza sauti. "Miezi yote hii."

Nikasema ndiyo.

"Sijui nikukasirikie au nikupe pole. Nitafanya moja leo na jingine siku nyingine. Nenda."

Nilitoka. Nilifika kwenye ngazi za posta nikasikia viatu vinanibana na njaa inaniuma, vyote kwa pamoja, nikaketi. Nikalia hapo, Mama. Hakikuwa kilio cha kuonyesha watu. Kilikuwa na kamasi na mlio kama wa mtu anayekohoa. Kulikuwa na mwanamke ameketi na mfuko wa vitunguu, akausogeza nipate nafasi, akaendelea na simu yake.

Nilizikumbuka nguo zake kwenye kamba siku ile alipofariki, kwamba nilizianua zikiwa kavu nikazikunja nikaziweka mahali pake, soksi kwa soksi. Nilizilia hizo.

Najua uliniomba. Ningeweza kuendelea kumpelekea maswali. Magongo sikuweza.

Mkweo


12 Agosti

Shikamoo Mama,

Sijapata jibu lako. Shemeji ameniambia huumwi, ila ukitajiwa mimi unatoka chumbani. Sawa. Siandiki kukulazimisha.

Bwana Gundi alinikasirikia kama alivyoahidi. Kila nikienda ananihudumia kama mtu asiyenijua, anaweka kitu kwenye kaunta na kutazama pembeni. Juzi akanipa pole. Alinipa yote kwa mkupuo mmoja, amesimama, kama mtu anayesoma. Kisha akaniuliza milingoti nimeisimamishaje, nikamweleza, akanifokea kwamba nina haraka kuliko marehemu. Nimeing'oa. Naanza upya.

Kazini yule mwenzangu wa mashuka aliniuliza kwa nini siku hizi simwitikii. Nikamwambia kwa sababu sasa namsikiliza. Amepunguza maneno.

Matanga sikuombi. Nauliza tu kama unakula.

Mkweo


7 Oktoba

Kwako binti yangu,

Nakula. Goti limepata dawa ya kuchua, linanuka lakini limetulia. Nawe uwe hujambo.

Nilikukasirikia, na si kwa sababu ulikosea. Nilikuwa na mahali pamoja ambapo mwanangu amechelewa tu, ukaenda ukapafunga. Kila nikishika kalamu ilitoka na tusi, nikachana karatasi. Shemeji yako akaniuliza mbona pipa limejaa makaratasi. Nikamwambia nafanya hesabu. Matanga yapo kwenye droo, sijayagusa. Nitayagusa.

Nyumba ya pili amehamia mwanamke kijana mwenye mapacha. Jana alikuja kuomba chumvi, nikamwambia aketi, wale watoto wakaingia chini ya meza ya cherehani kama nyumba ni yao. Tukawa tunaongea, na kwenye maongezi akaniuliza, "Mama, Mungu amekujaalia watoto wangapi?"

Binti yangu, nilikuwa na nafasi yote. Huyu ni mgeni, hajui kitu, hana wa kumwuliza. Ningeweza kumwambia wawili, mkubwa yuko hapa, mdogo yuko mjini, fundi wa lifti, kazi zimembana. Nililiona neno hilo limekaa tayari ulimini, tamu. Akawa ananisubiri, pacha mmoja anamvuta sikio.

Nikasema, "Nimezaa wawili. Mdogo amefariki."

Sikuwahi kulitamka. Siku ya mazishi walilisema wengine, na baada ya hapo kila mtu alikuwa ameshaambiwa. Nilidhani likitoka litaondoka na kitu. Halikuondoka na kitu. Sufuria ilikuwa inachemka, ikaendelea kuchemka.

Akanipa pole. Akauliza jina lake, nikamwambia. Akauliza alikuwa mtu wa namna gani, nami nikaanza kumweleza, na chai ikapoa, na wale mapacha wakasinzia sakafuni juu ya vitambaa vyangu, na mumewe akaja kumtafuta akidhani amepotea, naye nikamketisha, na sikuwa nimefika hata kwenye mambo ya lifti.

Mama